Tuandike Tulichokiona Katika Bureti

Bwana Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi wa sayansi twalijua sana, lakini hatulisemi. Jambo lenyewe ni desturi ya kubadili namba tunazozisoma katika bureti wakati wa titresheni. Huenda baadhi ya wenzangu watakasirika, na huenda wengine watasema kwamba mwandishi anataka kujionyesha mwema. Nawaomba wasome mpaka mwisho, maana wataona kuwa katika habari hii mimi si mwema hata kidogo. Mimi ni mmoja wa wakosaji.

Kwanza, kwa ajili ya ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza ambao bado hawajaizoea maabara, yafaa nieleze titresheni ni kitu gani. Ndimu, ukwaju na siki ni vikali mdomoni kwa sababu vina asidi. Chokaa, majivu na magadi ni vitu vya upande wa pili, na maji yake huitwa alkali. Alkali huteleza mkononi kama sabuni, na ikiwa na nguvu nyingi huunguza ngozi. Hapa Mafia hatukungoja vitabu ili tuvijue vitu hivi. Wazee wa zamani waliujenga mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, na magofu yake yangalipo mpaka leo. Mafundi wa vyombo nao walipaka majahazi deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na mafuta. Basi asidi na alkali zikikutana huondoleana nguvu, zikabaki chumvi na maji. Titresheni ni njia ya kujua ni kiasi gani hasa cha asidi kinachotosha kuondoa nguvu ya kiasi fulani cha alkali. Ukiijua nguvu ya moja, waweza kuihesabu nguvu ya nyingine.

Kazi hii huonekana nyepesi kwa mtu anayechungulia dirishani, lakini ina adabu zake. Bureti ni bomba refu la kioo lenye mistari ya vipimo, na chini lina bilula. Huoshwa kwa maji, kisha husuuzwa kwa asidi ileile itakayotiwa ndani, maana matone ya maji yakibaki huipunguzia asidi nguvu. Ukisha kuijaza, ondoa faneli, kwa sababu tone moja likidondoka kutoka ndani yake baada ya kusoma limekuharibia hesabu. Tena fungua bilula kidogo ili hewa iliyojificha chini yake itoke. Usipofanya hivyo, hewa ile itatoka katikati ya kazi, nawe utadhani umetumia asidi kumbe umetumia upepo.

Pipeti huchota sentimeta 25 za ujazo za alkali, nayo huvutwa kwa mpira wala si kwa mdomo. Mwishoni haipulizwi. Tone linalobaki katika ncha yake lina haki ya kubaki, kwa kuwa aliyeitengeneza pipeti alikwisha kulihesabu. Alkali hutiwa katika chupa yenye umbo la koni, yakaongezwa matone mawili au matatu ya kiashiria. Kiashiria ni dawa inayotuonyesha kwa rangi kwamba kazi imekwisha. Kama ni metili orenji, huwa ya manjano ndani ya alkali, hufika rangi ya chungwa pale nguvu zinapolingana, na ikizidi asidi kidogo tu huwa nyekundu. Chini ya chupa huwekwa kigae cheupe au karatasi ili jicho lisidanganyike. Mkono mmoja huzungusha chupa, mkono wa pili hushika bilula, na karibu na mwisho asidi huachiwa tone kwa tone, hata nusu tone. Kisha jicho hushushwa liwe sawa na mstari. Maji ndani ya bureti hupinda kama bakuli, nasi twasoma chini ya bakuli, si ukingoni.

Mara ya kwanza ni ya kukadiria tu. Baada yake hufuata mara tatu za makini, ambazo zikifanywa vizuri hukaribiana sana, zisipitane kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za sentimeta. Sheria hiyo ni nzuri, maana humfunza mwanafunzi kujihukumu mwenyewe. Lakini ni hapohapo ugonjwa wetu unapoanzia.

Mwanafunzi amepata 24.60, halafu 25.30, halafu 24.90. Anaona haya. Kengele iko karibu kulia, na bureti ni chache, kwa hiyo kundi la pili limesimama nyuma yake likingoja zamu. Anatupa jicho meza ya jirani na kuona wameandika 25.00. Basi naye anaandika 25.00, halafu anaweka 25.10 mara moja ili ipate sura ya ukweli, na mara ya tatu anarudia 25.00. Jambo hili tumelipa jina, twaita kupika. Bwenini usiku utasikia mtu akisema kwa furaha, "Leo nimepika safi kabisa." Wako na mafundi wa juu zaidi, ambao husoma karatasi ya maswali, wakakisia jibu analolitaka mwalimu, wakahesabu kwa kurudi nyuma mpaka wakapata namba ya bureti kabla hawajaifungua bilula. Hao humaliza mapema na kukaa wakitutazama sisi tunaohangaika na matone.

Sasa nitaeleza kilichotokea mwaka huu, mwezi wa Julai, ili msomaji aone kwa nini nimeamua kuandika. Tulikuwa na zoezi la vitendo la kujitayarisha kwa mtihani wa Taifa wa Novemba. Kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu, na vitu vilivyokuwa vikingojewa kutoka ng'ambo ya Nyamisati vilichelewa. Miongoni mwa vitu hivyo yalikuwapo maji ya maabara, yale yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa tena kuwa maji. Tangi la mvua nalo lilikuwa limekauka. Maji yaliyobaki stoo yalitosha kutengeneza alkali tu. Asidi ikazimuliwa kwa maji ya kisima. Sisi hatukuambiwa habari hiyo, wala sidhani kama mwalimu mwenyewe aliiona kuwa ni habari.

Karatasi ya maswali ilisema kwamba alkali ina nguvu ya moli 0.1 kwa lita, na kwamba asidi ina nguvu ya "takriban" 0.1, nasi tutafute nguvu yake hasa. Kila mtu aliona upesi kuwa vitu viwili vikilingana nguvu, 25 itauawa na 25. Tulikuwa wanafunzi 31. Mimi nilifanya kazi yangu kwa uangalifu, na Mungu ni shahidi yangu, kwa sababu napenda somo hili. Nikapata 26.40, kisha 26.30, kisha 26.40. Niliziandika kwa penseli nyuma ya daftari. Nikatazama kulia, wameandika 25.00. Nikatazama kushoto, 25.00. Moyo ukaniambia kuwa haiwezekani wao wote wakose nami nipate. Nikachukua kifutio nikazifuta namba zangu, nikaandika 25.00, 25.10, 25.00.

Siku nne baadaye karatasi zilirudi zimesahihishwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopata alama nyingi. Dada mmoja wa darasa letu, mtu wa Baleni, mpole asiyesema sana, alikuwa amepata alama kidogo kuliko wote katika swali lile. Alikuwa ameandika 26.30, 26.40 na 26.40. Wengine walicheka. Mmoja alisema kwamba bureti yake ilikuwa inavuja mpaka mlangoni. Yeye hakucheka wala hakulia. Alisimama akaenda mbele, akasema, "Mwalimu, naomba nirudie mbele yako."

Mwalimu alimwambia, "Mwanangu, namba zako zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, lakini zimekaa mbali na jibu."

Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini ndizo nilizoziona."

Jibu lile lilimfanya mwalimu anyamaze kidogo. Alasiri ile ile, mbele ya darasa zima, aliosha bureti, akaijaza kwa asidi iliyobaki katika chupa, akafanya titresheni yeye mwenyewe. Alipata 26.35. Akarudia, akapata 26.35 tena. Darasa lilinyamaza kabisa, mpaka ukisikia matone.

Ndipo alipoketi akafikiri, akakumbuka maji ya kisima. Akamtuma kijana jikoni alete kipande cha ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya sufuria zinazochemshiwa maji. Akaudondoshea asidi, ukatoa povu kama limau juu ya magadi. Akatueleza kwamba kisima chetu kimechimbwa penye mwamba wa matumbawe, na maji yanayopita katika mwamba huo huyeyusha chokaa kidogo na kuibeba. Maji hayo hunyweka, lakini si maji matupu. Asidi ilipozimuliwa nayo, sehemu yake ililiwa na chokaa ile kabla haijafika katika bureti. Piga hesabu mwenyewe: 25 mara 0.1, gawanya kwa 26.4, utapata karibu 0.095. Yaani asidi ilikuwa imepoteza kama sehemu tano katika kila mia za nguvu yake. Karatasi iliuliza nguvu hasa ya asidi, na jibu sahihi lilikuwa 0.095. Katika watu 31, mmoja tu ndiye aliyelijibu swali.

Mwalimu alisema kwa uwazi kuwa kosa la kwanza lilikuwa lake, nami namheshimu kwa neno hilo. Kisha akauliza, "Nani mwingine aliyepata ishirini na sita?"

Hakuna mkono ulioinuka. Wangu pia haukuinuka.

Alama zote za swali lile zilifutwa, isipokuwa za yule dada. Je, tulimshukuru? La. Wako waliomnunia. Kwa muda wa wiki nzima, katika foleni ya chakula, alisikia maneno ya kwamba yeye ndiye aliyetupotezea alama. Nami nilikuwa katika foleni hiyohiyo, sahani mkononi, nikisikia na kunyamaza.

Tangu siku ile nimesoma kidogo juu ya asili ya titresheni, na nilichokikuta kimenitia aibu zaidi. Nilidhani kazi hii ilibuniwa na wataalamu ili kuwapatia wanafunzi mitihani. Kumbe ilianza kwa ajili ya soko, kama mizani. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Claude Joseph Geoffroy, alitaka kujua siki ipi ina nguvu kuliko nyingine. Alitia unga wa potasi ndani ya siki kidogo kidogo mpaka povu likakoma, akapima ni unga kiasi gani uliotumika. Mwaka 1756 Francis Home wa Scotland alipima potasi iliyotumiwa kung'arishia vitambaa kwa kuhesabu vijiko vya chai vya asidi. Mwaka 1767 Mwingereza William Lewis aliipima potasi iliyokuwa ikiletwa kutoka Amerika, na ili ajue mwisho wa kazi alitumia karatasi iliyotiwa rangi ya litmasi.

Litmasi hiyo tunayo hata sisi maabarani. Hutokana na kimea kidogo kinachoota kama ukurutu juu ya magome ya miti na mawe, na katika karne ya 19 vimea vya jamii hiyo vilikusanywa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki vikauzwa ng'ambo kwa ajili ya rangi. Kwa hiyo pwani hii si ngeni katika habari hizi. Baadaye, katika miaka ya 1790, Mfaransa Descroizilles alitengeneza bomba lenye mistari la kupimia dawa ya kung'arisha nguo. Mwaka 1824 mwenzake Gay-Lussac aliyaleta majina ya bureti na pipeti, na mwaka 1855 Mjerumani Karl Friedrich Mohr alichapa kitabu kizima juu ya kazi hii, akaifanya bureti ifanane na hii yetu.

Watu hao walikuwa na haja moja. Magunia mawili ya potasi hufanana kwa macho, lakini moja laweza kuwa na nguvu na la pili limejaa uchafu. Mnunuzi alitaka kujua analipia nini, na muuzaji mwaminifu alitaka njia ya kuonyesha kuwa hadanganyi. Titresheni ilikuwa mizani yao. Sasa tazama sisi. Hapa kwetu mwenye duka akikipunja kibaba twamwita mwizi, na mtaa mzima hulijua jina lake. Lakini tunapokichukua kipimo kilichobuniwa ili udanganyifu ujulikane, tukakitumia kwa udanganyifu, twasema "nimepika safi kabisa", tukacheka. Tofauti yetu na mwenye duka yule ni ipi?

Nimewauliza wenzangu kadha wa kadha, nao wana majibu yao. Yafaa niyataje kwa haki.

Wa kwanza husema kuwa vifaa vyetu ni haba, bilula nyingine zinavuja, na muda hautoshi. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kazi kwa bureti iliyofungwa utepe. Lakini ufukara haumlazimishi mtu kusema uongo. Kama bilula inavuja, andika chini ya jedwali lako: "Bilula yavuja." Maneno mawili hayo yana faida kwa mwalimu kuliko namba tatu za kupikwa, maana kwayo atajua kitu gani cha kutengeneza. Tukipika kila mara na kila mara tukapata jibu safi, nani ataamini kwamba maabara yetu ina shida? Namba zetu nzuri zitakuwa shahidi dhidi yetu.

Wa pili husema kuwa mtihani hautaki ukweli, wataka jibu. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu sote tuko hapa kutafuta cheti, na wako wazazi waliouza samaki na nazi ili sisi tukae bwenini. Lakini tufikiri. Mwenye kupika kwa miaka miwili anaingia katika chumba cha mtihani akiwa hajajifunza lolote ila kuchungulia, na katika chumba hicho hakuna wa kumchungulia. Mkono wake haujui nusu tone ni nini. Jicho lake halijazoea chini ya bakuli. Yule dada wa Baleni namba zake zilipishana kwa sehemu moja ya kumi tu. Mkono wa namna hiyo haupikwi, hufunzwa.

Wa tatu husema kuwa sentimeta moja na kitu ni jambo dogo. Kwa hili nitatoa mfano wa bahari yetu wenyewe. Tangu mwaka 1995 tunayo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyo ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, na sababu moja kubwa ya kuwekwa kwake ni matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki tunaowala. Wataalamu wa bahari wanasema kwamba hewa ya kaboni inayotoka katika viwanda na magari ya dunia huingia baharini na kuyafanya maji yasogee upande wa asidi, na matumbawe hupata shida kujenga mifupa yake ya chokaa. Mabadiliko hayo katika kipimo cha pH ni kutoka kama 8.2 ya zamani, kabla ya viwanda, hadi kama 8.1 ya siku hizi. Yakitazamwa juu juu ni sehemu moja ya kumi tu! Na njia mojawapo ya kuyajua maji ya bahari yamekaaje ni titresheni, kuyatia asidi kidogo kidogo kama tufanyavyo sisi mezani. Fikiri mpimaji akipata namba asiyoitazamia, akaifuta kwa kifutio na kuandika ile ya mwaka jana. Habari yote ya bahari ingepotea katika kifutio hicho. Jambo dogo ndilo lililobeba habari.

Vivyo hivyo kwa yule atakayepima damu yako hospitali, na yule atakayepima maji kabla ya kuyafungulia bomba la mji. Watu hao hawatashuka kutoka mbinguni. Watatoka katika madarasa kama haya yetu, na mkono waliouzoeza hapa ndio watakaokwenda nao.

Lakini sisemi kwamba kila namba iliyo peke yake ni ya kweli. La hasha. Mara nyingi anayepata tofauti na wenzake amekosea: hakusuuza bureti, au ameacha faneli juu, au amesoma ukingoni. Kama mwalimu angepata 25.00 siku ile, yule dada angekuwa amekosea, na isingekuwa aibu. Ninalosema ni kwamba dawa ya namba yenye shaka ni kurudia kazi, wala si kuibadili namba. Ukirudia utajua kama ulikosa au ulipata. Ukibadili hutajua kamwe, na tena umewanyima wengine nafasi ya kujua.

Babu yangu ni fundi wa vyombo, Jibondo. Nilipokuwa mdogo nilimwona akikagua mashua iliyoletwa kutengenezwa. Fundi wa kwanza alikuwa ameziba ufa kwa rangi nzuri bila kutia kalafati chini yake. Nilimwambia, "Babu, mbona inapendeza?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, hii imepakwa kwa ajili ya macho ya watu. Bahari haina macho." Sikuyaelewa maneno hayo vizuri mpaka mwezi wa Julai mwaka huu.

Basi nakomea kwa kutoa mashauri matatu. La kwanza ni kwetu wanafunzi. Tuandike namba kwa kalamu ya wino mara tu tunapoisoma, katika jedwali lenyewe, si kwa penseli nyuma ya daftari. Ikiwa ni mbaya tuipige mstari mmoja ili isomeke bado, tuandike sababu, kisha turudie. La pili ni kwa walimu wetu, nami nasema kwa heshima kubwa. Tunaomba kila meza ipewe asidi ya nguvu yake, ili macho ya jirani yasiwe na faida. Tena tunaomba alama zitolewe kwa namba zinazokubaliana na kwa hesabu iliyofuata namba za mwanafunzi mwenyewe, hata kama ziko mbali na zile zilizotazamiwa. La tatu ni kwa darasa zima. Mtu akipata tofauti na sisi, tusimcheke. Tumwulize, "Umeonaje?" halafu twende tukatazame pamoja.

Kuna deni moja limebaki, Bwana Mhariri. Mwalimu aliuliza ni nani mwingine aliyepata ishirini na sita, na watu 30 tulikaa kimya. Sijui wenzangu walikuwa na namba gani nyuma ya madaftari yao, wala si kazi yangu kujua. Mimi nilikuwa na 26.40, 26.30 na 26.40. Alama zote za zoezi lile nilizipata kwa kifutio, na zilipofutwa sikuonewa. Tena namwomba radhi dada yetu wa Baleni kwa wiki ile ya foleni, maana nilikuwa na neno la kumsaidia nami nikalizuia. Kabla gazeti hili halijachapwa nimekwenda kumwambia mwalimu haya yote, ili asiyakute hapa kama mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa ufunguo wa kabati la bureti na kuniambia niwe naziosha kila Jumamosi mpaka mtihani. Naziosha.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Mafia.